Fundi Pindo na Mpini wa Uzi wa Meno

Watu wa mtaa ule walimwita Pindo, na wengi wao hawakuwa na habari kwamba mama yake alipata kumpa jina jingine. Hilo la Pindo alikuwa amelipata kwa haki. Kwa miaka arobaini na mmoja aliketi katika chumba chenye dirisha moja, nyuma ya cherehani ya kukanyaga kwa mguu, akishona suruali, makoti na majoho. Na katika kazi zake zote hapakuwa na iliyosifiwa kama upindo wa mkono, ule ambao mtu akiugeuza nje haoni mshono, na akiugeuza ndani hana hakika kama ameuona.

Alikuwa na tabia moja ya mafundi: alikata uzi kwa meno. Mkasi ulilala mezani, umbali wa shibiri moja tu na mkono wake, lakini kila alipofika mwisho wa mshono aliinamisha kichwa, akang'ata, akaendelea. Mkewe alikuwa amemkataza tangu walipokuwa wachumba. Kwa kuwa hakusikilizwa mwaka wa kwanza, aliendelea kumkataza kwa mazoea tu, kama mtu anayepangusa vumbi akijua kesho litarudi. Mkewe huyu mwenyewe hakuwa na jino hata moja la kuzaliwa nalo. Alikuwa na seti kamili ya meno ya bandia, aliyoilaza kwenye bilauri ya maji, na aliizungumzia kama vile mtu anavyomzungumzia mpangaji asiye na matata.

Siku Pindo alipoanza kutafuna kwa kuinamisha shingo upande, mkewe alimtazama kwa muda, kisha akatoa hukumu.

"Dawa ya jino ni kung'oa."

"Wewe uling'oa yote. Umepona nini?"

"Nimepona maumivu, mume wangu. Karanga ndizo nilizopoteza."

Hilo la karanga halikuwa mzaha mtupu. Karanga za kukaanga ndizo zilizokuwa kitoweo chao cha mazungumzo kila jioni, sahani moja katikati, viti viwili. Na tangu meno yake yaondoke, mwanamke yule zake alizitwanga kwenye kinu kidogo akazila kwa kijiko. Pindo aliisikia ile twanga-twanga kila jioni kwa miaka sita. Hakupata kumwambia mtu yeyote kwamba sauti ile ilimtia hofu.

Alikwenda kwa daktari wa meno siku ya Jumatatu, akiwa amevaa koti lake jema. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya upole na mikono isiyo na haraka. Alikilaza kiti, akaingiza kioo kidogo chenye mkia, akatazama.

"Baba, wewe ni fundi wa nguo," akasema.

Pindo, akiwa na kioo mdomoni, hakuweza kujibu ila kwa macho. Alipoachiliwa akauliza, "Nani kakwambia?"

"Jino lako la mbele. Lina mkato mwembamba hapa ukingoni, uzi unaenea kama umepimwa."

"Basi hilo ndilo linaloniuma?"

"Hilo halikuumi, linakusengenya tu. Linalokuuma ni gego la mwisho, upande wa mkono wa kuume."

Akamweleza, naye Pindo akasikiliza kwa makini ya mtu aliyezoea vipimo. Magego ya upande wa kushoto yalikuwa yamekwisha kutoka zamani. Kazi yote ya kusaga ilikuwa imeangukia lile moja la kulia na mwenzake wa juu. Ukoga ulikuwa umejificha kati ya gego na jirani yake, mahali ambapo mswaki haufiki, na fizi ilikuwa imeachana na jino na kufanya mfuko. Daktari alishusha mle chuma chembamba chenye alama, akasoma: milimita sita.

"Kila siku, mara moja, upitishe uzi wa meno pande zote mbili za gego hilo," alisema. "Baada ya miezi mitatu nitapima tena. Nikikuta nne, jino linabaki. Nikikuta sita au zaidi, nitaling'oa kabla halijala mfupa wa jirani yake."

"Uzi?" Pindo akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Binti yangu, mimi na uzi tumezeeka pamoja."

"Ndivyo ninavyoona. Ila vidole vikikataa, baba, kuna mpini wake. Wa kudumu, unabadilisha uzi tu."

Uso wa Pindo ukajikunja. "Vidole vyangu havijakataa kitu."

Hapa hapana budi kusema jambo ambalo Pindo hakulisema. Baridi yabisi ilikuwa imeingia katika vidole vyake vya gumba na vya shahada, mikono yote miwili, mwaka mmoja na nusu uliopita. Viungo vilivimba asubuhi, vikalegea kidogo mchana. Kutunga uzi katika tundu la sindano, jambo alilokuwa akilifanya huku akitazama barabarani, lilikuwa limekuwa mtihani. Na ndani ya kopo la vifungo, chini kabisa, alikuwa ameficha kile kiwaya cha kutungia ambacho wanafunzi wa kushona hupewa wiki ya kwanza. Mteja akiingia, kiwaya kilizama koponi. Upindo ulikuwa bado haujapotoka. Lakini fundi anayejulikana kwa mikono huilinda sifa ya mikono kabla ya mikono yenyewe.

Kwa siku nane alisimama asubuhi mbele ya kioo cha chumba cha kuogea, uzi umezungushwa vidoleni, akijaribu kufika nyuma. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, nao wangeweza kuongeza mshonaji bila kuharibu maana. Mkono wake ulikuwa mpana na mdomo wake mdogo. Kidole cha kushoto kilipoingia, cha kulia kilikosa nafasi; vyote viwili vilipoingia, uzi ulilegea; na vilipoukaza, maumivu ya viungo yalimfanya auachie. Siku ya tisa alichukua kofia akaenda duka la dawa.

Muuza dawa alikuwa mtu mnene mwenye miwani, aliyewajua wateja wake kwa maradhi yao.

"Naulizia ile mipini ya uzi wa meno," Pindo alisema, akitazama rafu ya sabuni. "Si yangu. Ni ya mke wangu."

Muuza dawa akavua miwani. "Mama wa nyumbani kwako? Si juzi tu alinunua hapa vidonge vya kulowekea meno ya bandia?"

Mwanamke mmoja aliyekuwa akinunua bendeji aligeukia ukutani, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

"Anatunza yale ya bandia vizuri sana," Pindo akasema hatimaye.

"Hongera zake," muuza dawa akajibu kwa adabu, akaweka vitu vitatu mezani bila kuuliza tena.

Cha kwanza kilikuwa mfuko wa vijipinde vya plastiki, hamsini kwa jumla, kila kimoja na uzi wake mfupi, cha kutumia mara moja na kutupa. Pindo hakukigusa. "Kutupa mpini kwa sababu ya uzi," alisema, "ni kama kutupa cherehani kwa sababu ya sindano." Cha pili kilikuwa mpini mwembamba wenye shingo iliyopinda na kichwa kidogo, na kifungo cha kuzungushia uzi, mkononi ulikuwa mwepesi kama kijiti. Cha tatu kilikuwa cha chuma: mpini mzito, ulionyooka, na panda pana mbele kama ya manati. Pindo alitunga uzi katika panda ile, akaukaza, akaupiga kwa kucha kama afanyavyo kwenye cherehani. Ukalia tingi.

"Huu," akasema.

"Ule mwembamba ndio wanaochukua wengi, mzee."

"Wengi hawajui mkazo."

Kosa la kwanza, basi, lilikuwa la fundi: aliuchagua mpini kwa jinsi unavyoshika uzi, asiuchague kwa jinsi unavyoingia mahali pake. Kosa la pili lilifuata jioni ileile. Muuza dawa alimpa na kibiringi cha uzi wa meno, naye Pindo alipofika nyumbani aliuvuta shibiri moja, akausokota kati ya vidole, akautazama penye mwanga. Ulikuwa bapa. Ulikuwa nyuzinyuzi zilizolala pamoja bila sokoto lolote. Katika sheria ya karakana yake, kitu kisichosokotwa hakiitwi uzi. Ni pamba iliyopanga mstari. Akakiweka kibiringi pembeni, akaenda kuchukua uzi wake wa kushonea vifungo vya makoti, nyuzi tatu zilizosokotwa kuwa moja, akaupitisha kwenye kipande cha nta kama alivyofundishwa, akautunga katika panda ya chuma.

Panda haikufika kwenye gego. Upana wake uligonga shavu huku na ulimi kule, kwa hiyo aliuingiza mpini kwa kuulazimisha, mdomo umevutwa pembeni kama wa samaki aliyenaswa. Uzi uliingia kati ya meno kwa kishindo. Damu ilitoka. Pindo alijiambia kwamba damu ni dalili ya kazi kufanyika, akaendelea siku ya pili, na ya tatu, na wiki ya pili na ya tatu, kwa uaminifu ambao ungemfaa mtu aliye katika njia sahihi.

Asubuhi moja ya wiki ya sita uzi ulikatika. Kipande kilibaki kati ya gego na jirani yake, nta na sokoto na yote, na hakikutoka kwa kusukutua, wala kwa kijiti, wala kwa ncha ya sindano, ambayo mkewe alimkuta ameishika mbele ya kioo.

"Unajishona mdomo?" aliuliza kutoka mlangoni. "Ungeniambia zamani, ningekusaidia."

"Niache, bibi we."

"Nikuache, na fizi imekuwa kama nyanya? Vaa koti."

Daktari alikitoa kipande kwa koleo dogo, akakiweka juu ya kitambaa cheupe. Alikitazama kwa muda. Kisha akashusha chuma chake chenye alama, akasoma, akarudia kupima.

"Saba," alisema mwishowe. "Tumerudi nyuma, baba. Zimebaki wiki sita. Huu ni uzi gani?"

"Uzi wa vifungo. Nyuzi tatu. Unainua ndoo ya maji."

"Na ule wa dukani?"

"Ule hauna sokoto. Ni mlegevu."

"Ndiyo," daktari akasema. "Kwa makusudi. Ukifika kwenye jino unatandazika, unalikumbatia, unabeba ukoga. Huu wako unabaki mviringo. Haufuti, unakata. Baba, wewe mwenyewe ukishona kitambaa laini kabisa, ukataka kukishikiza kwa muda tu, unatumia uzi huu?"

Hapana fundi asiyejua jibu la swali lile. Kabla ya mshono wa kweli, nguo hupigwa bandi: hushikizwa kwa uzi dhaifu wa pamba, usio na sokoto la maana, ambao hukatika kwa kuvutwa na hauachi jeraha. Atumiaye uzi wa vifungo kupiga bandi hariri, huipasua. Yeye mwenyewe alikuwa ameirudia sheria ile kwa kila mwanafunzi aliyepita karakanani mwake, na mmoja alimpiga kwa futi ya mbao mkononi kwa kuivunja. Miaka arobaini na mmoja aliihurumia hariri ya watu. Fizi yake aliitendea kama turubai.

"Uzi wa bandi," alisema polepole.

"Sijui mnauitaje."

"Ndivyo tunavyouita." Akainua mikono yake miwili juu ya mapaja, akaitazama kana kwamba ameletewa na mteja irekebishwe. "Na vidole, daktari. Ulisema vikikataa. Vimekataa."

Mkewe, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni na pochi yake magotini, aliinuka, akamfunga vifungo vya koti.

Njiani kurudi alisema moja tu. "Kile kiwaya cha kopo la vifungo nimekijua tangu mwaka jana."

"Ulikijuaje?"

"Nilikuwa natafuta kifungo, mume wangu. Watu wengine hufungua kopo la vifungo kwa sababu hiyo."

Siku ile Pindo hakwenda dukani. Alifanya ambalo angelifanya tangu mwanzo kama kazi ingekuwa ya mtu mwingine: alichukua vipimo. Alikata kipande cha karatasi ngumu, ile ya kukatia vielelezo vya kola, akakiingiza mdomoni mpaka kikagusa gego, akakitia alama ya chaki penye midomo. Akakata cha pili kwa upana, akakipunguza pembeni, akajaribu tena. Akakipinda shingo, akajaribu tena. Alikuwa na kipande cha nne kinywani mkewe alipoingia na chai.

"Sasa umeanza kula karatasi."

Pindo akakitoa. "Nakata kielelezo."

"Mchagua jembe si mkulima."

"Na shoka lisilo mpini halichanji kuni. Shika hapa, nione pembe."

Mkewe akaweka chai chini, akashika. Walifanya kazi ile kwa nusu saa, yeye akishika taa na kumwambia apanue, mzee akipunguza karatasi kwa mkasi. Kilipokamilika, kielelezo kilikuwa na kichwa cha upana wa vidole viwili vyembamba, na shingo iliyopinda kama kiwiko cha mtu anayetia mkono mfukoni. Kwenye kishikio, Pindo aliandika kwa chaki: *kinene zaidi*. Hilo lilikuwa kwa ajili ya gumba.

Asubuhi alikilaza kielelezo juu ya meza ya duka la dawa. Muuza dawa alikitazama, akainama chini ya meza, akautoa ule mpini mwembamba wa shingo iliyopinda. Pindo aliuweka juu ya karatasi. Kichwa kililingana. Shingo ilipishana kwa unene wa uzi.

"Ndio uleule niliokuonyesha, mzee."

"Najua. Siku ile nilikuwa sijaupima."

"Na mama, anaendeleaje na ule wa chuma?"

"Mama hana jino hata moja," Pindo akasema, kwa sauti iliyotosha duka zima. "Mpini ni wangu. Vidole vyangu vina baridi yabisi. Nipe na kibiringi cha uzi ule mlegevu."

Aliporudi karakanani alizungushia kishikio mabaki ya flana mpaka kikawa kinene cha kutosha gumba lililovimba, akaishonea flana ile kwa upindo usioonekana. Wateja wawili walimkuta katika kazi hiyo. Kiwaya cha kutungia kilikuwa mezani, juu ya kitambaa, na hakukizamisha koponi. Mmoja alimwuliza ni kitu gani, akaambiwa. Alitikisa kichwa, akaulizia suruali yake.

Kila asubuhi, kwa wiki sita, Pindo aliupitisha uzi. Alijifunza kuutelezesha kwa kuupeleka mbele na nyuma badala ya kuusukuma, kuulaza kwenye ubavu wa gego kwanza, kisha kwenye ubavu wa jirani, na kuuvuta juu kama anayefumua bandi: bila haraka, akisikiliza kitambaa. Damu ilipungua wiki ya kwanza, ikakoma ya tatu. Mkasi alikuwa ameutundika shingoni kwa utepe, kwa amri ya mkewe, lakini mara mbili tatu kwa siku kichwa kiliinama chenyewe kuelekea uzi, naye akakikamata njiani. Wachamungu husema kila kiungo ni amana, na mwenye kupewa amana ataulizwa. Pindo, aliyekuwa mtu wa sala bila makelele, alilijua neno hilo tangu utoto. Lakini hakuwahi kuliona kama linahusu magego.

Siku ya miadi alikwenda peke yake. Daktari alikilaza kiti, akashusha chuma. Pindo alikodolea dari macho, akahesabu misumari ya ubao mmoja. Chuma kilishuka mbele, ubavuni, nyuma. Daktari akarudia nyuma mara ya pili.

"Nne," akasema. "Na pembeni, tatu na nusu. Linabaki."

Pindo alikaa wima. "Kwa muda gani?"

"Kwa muda wote utakaoendelea na mpini huo. Ukiacha, mfuko unarudi."

"Maisha yote, basi."

"Yako au ya jino, baba, yatakayotangulia kwisha."

Alimshukuru, akavaa koti, akatembea mpaka nyumbani bila kusimama popote ila pa muuza karanga. Mkewe alikuwa ameketi mahali pake pa jioni, kinu kidogo mbele yake, mchi mkononi. Alimtazama shavu la kulia, kisha lile la kushoto, akitafuta uvimbe.

Pindo aliketi. Alimwaga karanga kwenye sahani, akachagua moja, akaitia upande wa kulia, nyuma kabisa, akafunga mdomo. Ukasikika mvunjiko mmoja, mkavu na safi.

Mkewe alishusha mchi. Akasikiliza ya pili, na ya tatu.

"Haya, nimesikia," alisema. "Usinitafunie masikioni."

Akaisogeza sahani kati yao, akachota konzi moja, akaitia kwenye kinu. Pindo alimpokonya mchi taratibu, akamtwangia zake.